Mashuka Tuliyokunja na Nakato

Kigoda changu nimekiacha nyuma ya mlango wa chumba cha daktari, wodi ya wanawake. Mguu wake mmoja ni mfupi, kwa hiyo wekeni kipande cha kadibodi chini yake, la sivyo kitalia kila mkijigeuza na mgonjwa atadhani mmechoka kumsikiliza. Mgonjwa wa hofu anasikia kila kitu. Kiwekeni ubavuni mwake, nyuma kidogo, amwangalie daktari na asikie sauti yenu kama inatoka begani mwake.

Naandika kwa Kiswahili hiki cha lines, zile nyumba za askari polisi, kwa sababu nyinyi wakalimani mnaobaki, mmoja Mtoro, mmoja Mlugbara, mmoja Muganda, na hapa ndipo tunapoelewana. Kiingereza ninacho, cha darasa la jioni, lakini kile nakitunza kwa barua za serikali. Watu wananiuliza mbona naacha kazi na hata hamsini sijafika. Wayaulize mashuka yenye maji. Nimeyabeba miaka mingi, na mgongo wangu umeniambia basi.

Baba yangu alikuwa askari polisi, Mjaluo kutoka upande wa Kenya, na mimi nimekulia lines hapa hapa Kampala. Jirani zetu kushoto na kulia walikuwa Waacholi. Kijaluo na Kiacholi ni ndugu, na ukicheza na watoto wa jirani tangu uji wa asubuhi mpaka mama akuite, unakuwa na lugha mbili na hujui ya pili iliingia lini. Luganda niliipata bombani, nikipanga foleni na debe. Sikujua kwamba hizo zote siku moja zitakuwa kazi.

Niliajiriwa kusugua sakafu. Jioni nilienda darasani katika ukumbi wa kanisa, Grace wangu mgongoni, nikajifunza kusoma vizuri. Siku moja daktari wetu wa kwanza, Mhindi mwenye miwani iliyofungwa na uzi, alikuwa na mgonjwa Mwacholi na hakuna mtu wa kumsemea. Akatoka kwenye korido akauliza nani anajua. Mimi nikanyanyua mkono ukiwa bado na kitambaa cha kupigia deki.

Siku hiyo niliharibu. Mgonjwa alisema hapati usingizi, mimi nikamwambia daktari, "Anasema halali, lakini mimi nimepita hapa asubuhi na alikuwa anakoroma." Daktari akavua miwani. Akaniambia kwa upole kwamba hajaniita kutoa ushahidi. Akanipa sheria moja: mgonjwa akisema mimi, wewe sema mimi. Usiseme "yeye anasema". Usiongeze, usipunguze, usitengeneze. Sheria hiyo nimeishika mpaka mwezi uliopita niliporudisha yunifomu.

Lakini ina gharama. Kutwa nzima unasema mimi nilipigwa, mimi nimezika watoto wawili, mimi nataka kufa. Nilianza kwenda nyumbani Kawempe na huzuni isiyokuwa yangu, nikimwangalia Baba Grace akila kama mtu niliyekwisha kumzika. Aliyeliona hilo ni Sista Erina, mkuu wa wodi, Muganda, mwembamba, mkali, kofia yake ina wanga mpaka unaweza kukatia mkate. Akaniwekea beseni la maji nje ya mlango. "Mama Grace, nawa mpaka kwenye viwiko, halafu sema jina lako mara tatu. Ya kwao yabaki kwenye beseni." Nilicheka. Halafu nikafanya, na mpaka leo nafanya. Beseni lenyewe ni lile la bluu, msiliweke mboga.

Halafu wanajeshi wakachukua serikali. Nyinyi mlikuwa shuleni, nitasema kidogo tu. Daktari wetu aliondoka na Wahindi wenzake walipofukuzwa, sanduku moja mkononi, akaniachia hicho kigoda alichokuwa akiegemezea mguu. Sabuni ikaisha, tukafua kwa majivu. Na Kiswahili changu, ambacho baba alinisemesha nikiwa mapajani mwake, kikawa lugha ya wanajeshi wanaogonga mlango. Ungemwambia mgonjwa "kaa hapa, mama" kwa sauti nzuri kabisa, na yeye anaanza kutetemeka.

Watu wa Acholi na Lango ndio walikuwa wanawindwa zaidi. Fomu yetu ina mahali pa kuandika kabila. Sista Erina alipaacha wazi kwa kila mtu, na alipoulizwa na ofisi alijibu kwamba wino umekuwa adimu. Hatukuuliza mtu lugha ya kwao. Hata hivyo sisi tulijua, kwa sababu ya sindano. Mtu anaweza kukusalimia kwa Luganda safi na kupiga magoti kama kwao ni Masaka, lakini akichomwa sindano analia kwa lugha ya mama yake. Kwa hiyo Sista alichoma sindano zote mwenyewe, na mlango amefunga.

Nakato aliletwa na mama mwenye nyumba wake wa Bukoto. Alikuwa taipisti wa ofisi moja mjini, miaka kama ishirini na nane, nguo zimepigwa pasi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekataa kushika. Kikombe kilianguka, kalamu ilianguka. Madaktari wa mifupa hawakuona kitu, wakamsukuma kwetu, kwa wagonjwa wa hofu. Hakulala. Ana binti mdogo, na mama mwenye nyumba alisema mtoto akilia Nakato anamtazama tu kama mtoto wa jirani.

Kwake mimi sikuitwa. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha sisi wote, na daktari mpya, kijana, alifurahi kupata mgonjwa wa kuongea naye moja kwa moja. Mimi nilikuwa naingiza mafaili na kutoa mafaili. Mara tatu, siku tatu tofauti, nilimsikia akieleza, na mara zote maneno yalikuwa yale yale, kwa mpangilio ule ule, kama mtu anasoma barua ya ofisi: Watu wenye bunduki walikuja. Mume wangu aliondolewa. Alipaza sauti akasema kitu. Sijamwona tena. Daktari aliandika kwamba anaendelea vizuri kwa sababu anaweza kusimulia bila kulia.

Nilimwambia Sista Erina kwamba mimi sioni uzuri wowote hapo. Akaniuliza kwa nini. Nikasema, anasimulia kama yeye hakuwepo.

Wiki hiyo akachomwa sindano. Mimi nilikuwa namshika bega. Akasema polepole, kwa Kiacholi, "Mama, ninakufa." Sista alinitazama mimi, mimi nikatazama ukuta. Moyoni nilikuwa nashangilia, Mungu anisamehe. Nilifikiri sasa nimepata ufunguo, tena mimi peke yangu ndiye ninao.

Asubuhi yake nikamkuta kwenye foleni ya dawa, kwenye korido. Nikafanya kama tulivyokuwa tunafanya lines, ambapo mtu hawezi kumpita mtu bila kumsalimia kwa lugha ya kwao. Ndiyo ilikuwa adabu yetu. Nikamwita tangu mbali, kwa Kiacholi, kwa sauti ya furaha: "Lamera!" Yaani, dada yangu. Nikamuuliza kama ameamka vizuri.

Uso wake ukafunga. Akajibu kwa Luganda, kwa sauti kubwa ya kusikika na wote: "Simanyi ky'ogamba." Sijui unasema nini.

Kwenye benchi alikuwa amekaa mwanajeshi mmoja, ameleta mke wake. Akamtazama Nakato, akanitazama mimi. "Mama, huyu mutu ni wa wapi?"

Mimi ni mtu wa kanisa. Tangu niokoke sijapenda uongo hata wa mzaha. Lakini ulinitoka bila kutafutwa. Nilimwambia huyu ni Muganda wa Masaka, mimi ndiye mjinga, nasalimia kila mtu kwa Kijaluo, hata ng'ombe. Akacheka. Mke wake hakucheka. Nilipogeuka, Nakato hayupo. Alikuwa ametoka getini na gauni la hospitali, dawa hakuchukua, viatu vyake viko chini ya kitanda.

Sista Erina hakunipigia kelele. Angepiga kelele ningepumua. Aliniketisha kwenye stoo ya blanketi akasema, "Umemtaja mbele za watu kwa salamu nzuri. Uliona furaha yako, hukuona benchi." Halafu akasema Jumapili niende Bukoto, bila yunifomu, na viatu vyake nivipeleke, na neno moja la Kiacholi lisinitoke hata nikikanyaga mwiba.

Nilienda baada ya ibada. Mama mwenye nyumba alikuwa uani anamenya ndizi za matooke, na Nakato yuko ndani, mlango umefungwa. Nikaomba kisu nikamenya pia. Tukaongea bei ya chumvi soko la Owino, tukaongea mvua. Nusu saa nzima nilijua ananisikia. Mwisho nikauambia mlango, kwa Luganda, kwamba jina langu ni Mama Grace, nimeleta viatu, na nimekosa. Nikasema, hospitali nitasema Luganda tu, mpaka wewe mwenyewe utakapotaka kingine, na usipotaka, basi Luganda mpaka siku ya mwisho.

Nikamenya ndizi nyingine. Halafu akauliza kutoka ndani, "Yule wa kwenye benchi alisema nini, nnyabo?" Yaani, mama.

Nikamwambia nilivyodanganya, pamoja na ng'ombe. Nikasikia kitu kama mtu anapumua kwa pua. Ndicho kicheko cha kwanza nilichopata kwake. Mlango ulifunguka, upana wa viatu tu. Akavipokea kwa mkono wa kushoto.

Alirudi Jumanne na masharti. Hakuna kulala wodini, kila jioni arudi Bukoto. Hakuna kuandikwa, maana mafaili yalikuwa yanaweza kuchukuliwa na watu wasiojulikana. Hakuna chumba chenye ukuta wa mbao. Sista Erina alifikiri kidogo akasema, dobi. Kule nyuma ambapo boila la kuchemshia maji linanguruma kutwa, hata mkigombana hamsikiki. Daktari kijana aliambiwa kwamba mkono wa mgonjwa unahitaji mazoezi ya kukunja mashuka, na hiyo ilikuwa kweli. Akaandika "mazoezi", akaendelea na mengine.

Sasa hapa nataka msikilize, kwa sababu hii haimo kwenye vitabu vyenu. Shuka la hospitali linakunjwa na watu wawili. Mnasimama mbali, kila mtu ana pembe mbili. Mnavuta likanyooka. Halafu mnakuja, pembe zenu zinagusana na vidole vinagusana, mmoja anachukua zote, mwingine anainama kushika kiuno cha shuka, mnarudi nyuma tena. Wiki ya kwanza mkono wake wa kulia uliachia kila mara na shuka lilianguka kwenye simenti. Niliokota bila kusema kitu. Tuliongea Luganda: watoto, matooke, mguu wa mama mwenye nyumba wake.

Wiki ya pili, tulipokutana pembe kwa pembe, uso wake uko karibu na wangu, akasema neno moja kwa Kiacholi. Alitaja mboga, ile ya majani inayopikwa na simsim, yaani ufuta. Tukarudi nyuma, akaendelea kwa Luganda kama hakusema kitu. Na mimi pia. Shuka lililofuata, tulipokutana, akataja jina la shangazi yake. Hatukupanga hivyo. Ikawa tu ndiyo njia: mkiwa mbali, Luganda. Mkikutana, Kiacholi, pumzi moja, halafu kila mtu arudi kwake na kitambaa kikazike katikati.

Mimi nilitaka haraka. Nilimwambia Sista, nikimkalisha chini siku moja na tuseme Kiacholi saa nzima, itatoka yote. Akaniuliza, "Halafu saa kumi atatembea mpaka Bukoto akiwa nani?" Kisha akasema, "Ukimpeleka huko, umrudishe. Shuka la mwisho kila siku liwe la Luganda, na umsindikize getini kwa Luganda." Nikafanya hivyo, hata siku nilizoona machozi yako karibu.

Jina lake alinipa wiki ya tano. Acen. Ni pacha wa pili kwa Kiacholi, kama Nakato kwa Luganda. Kwa jina hakudanganya, alilivalisha nguo nyingine tu. Siku hiyo mkono wa kulia ulishika shuka kumi bila kuachia.

Halafu ikaja ile siku. Mvua imenyesha asubuhi, mashuka mazito. Akaanza kwa Luganda, tukiwa mbali. Alisema yeye na mume wake walikuwa wamepatana: wakija kumtafuta mume, Nakato aseme huyo ni mpangaji wa chumba cha nyuma, hamjui. Kwa ajili ya mtoto. Wakaja mchana. Wakamtoa nje. Alipofika kwenye gari akageuka akampigia kelele kwa Kiacholi, na askari mmoja akamuuliza Nakato kwa Kiswahili, anasema nini huyu?

"Nikajibu, simanyi ky'agamba," akasema. Sijui anasema nini. "Mume wangu nikamwambia sijui anasema nini."

 Ndiyo maneno yale yale aliyonijibu mimi kwenye korido. Ile asubuhi na furaha yangu, mimi nilikuwa nimempigia kelele kwa Kiacholi mbele ya askari, na yeye akarudi pale pale penye gari. Nikamkumbuka Petro na yule jogoo, lakini mdomo niliufunga. Hakuhitaji mahubiri.

Tulikuwa bado mbali. Nikavuta shuka. Nikaanza kutembea kumfuata, polepole, na yeye akaja. Pembe zikakutana. Nikamuuliza kwa Kiacholi, sauti ya chini, mara ya kwanza mimi kuanza: "Alisema nini?"

Kwa Kiingereza alikuwa amesema "kitu" mara nyingi mpaka kikawa kitu kweli, hakina maneno.  Midomo ikaanza kabla ya sauti. Kisha akasema, kwa Kiacholi, na haikuwa sauti yake, ilikuwa ya mume wake:

"Usinijibu. Mpeleke mtoto kwa mama."

Mimi sheria yangu naijua moja. Mgonjwa akisema mimi, sema mimi. Usiongeze, usipunguze. Nikamrudishia maneno hayo kwa Luganda, lugha aliyomkana nayo, kama ningemrudishia daktari: "Usinijibu. Mpeleke mtoto kwa mama."

Akasema, "Aliniambia nisijibu."

"Usinijibu," nikarudia.

"Yeye ndiye aliniambia."

Akakaa juu ya rundo la mashuka machafu akalia kwa Kiacholi, kilio chenyewe cha msiba, chenye jina la mtu na jina la baba yake na kijiji chake, kilio ambacho mwaka mzima hakuweza kukilia Bukoto kwa sababu kingemtaja. Mzee Musa, mtu wa boila, alitutazama mara moja. Hakuuliza. Akachukua kuni akaongeza, akaongeza tena, mpaka boila likanguruma mabati yakatikisika. Mimi nilikaa chini nikamshika miguu. Nililia naye kidogo. Ile sheria haikatazi hilo, au kama inakataza, sikuisikia.

Alipomaliza nilimsimamisha. Tulikuwa na shuka moja limebaki. Tukalikunja kwa Luganda. Aliniuliza kama najua basi la kwenda kaskazini linaondoka siku gani.

Nilinawa jioni ile mpaka kwenye viwiko. Nikasema jina langu mara tatu, halafu mara ya nne kwa tahadhari.

Aliondoka baada ya wiki mbili, mtoto mgongoni, na barua ya Sista Erina iliyosema Nakato wa Bukoto anakwenda kuuguzwa kwa jamaa. Kama alifika hatukujua. Miaka hiyo mtu akiondoka hukumuulizia kwa mtu mwingine. Nilimweka kwenye maombi yangu ya asubuhi, katikati ya watoto wangu na mgongo wangu. Sista Erina alifariki kabla ya wanajeshi kuondoka, kwa ugonjwa wake wa sukari, dawa hakuna. Kofia yake tulimzika nayo.

Mwezi uliopita, wiki yangu ya mwisho kazini, serikali ile imekwisha anguka, nilikuwa kwenye korido na rundo la mashuka nimelishika na kidevu. Nikasikia mtu ananiita kutoka mlango wa mbele, kwa sauti kubwa, ya furaha, kama mtu wa lines.

"Lamera!"

Alikuwa Acen, amenenepa. Binti anamshika mkono wa kulia, amerefuka. Akanisalimia kwa Kiacholi mbele ya foleni nzima ya dawa, akauliza kama nimeamka vizuri, akasimama pale anatabasamu, anangoja.

Na mimi, ambaye nimewafundisha wengine kazi hii, nilinyamaza. Kwanza nilitazama benchi. Nilitazama moja moja: bibi mwenye bandeji, wasichana wawili, mama amelala na mtoto kifuani. Yeye aliniona nikitazama, na alinipa muda. Hakukasirika. Alikuja mpaka karibu, akachukua pembe mbili za shuka la juu kwenye rundo langu, akarudi nalo nyuma mpaka likanyooka.

Nikamjibu kwa Kiacholi, tukiwa bado mbali.